Lay Zhang wa EXO: nianzie albamu ipi kumwelewa akiwa solo?

Mzee wa Biti: Wakuu habari za jioni. EXO, lile kundi la K-pop la Korea Kusini, nimewasikiliza toka niko sekondari ila Lay (Zhang Yixing, yule wa Changsha) nilikuwa namjua kwa kudansi tu, juzi ndo nakutana na kazi zake za solo kumbe jamaa anaandika, anaprodyuzi na kampuni anayo. Sasa nianze na ya kwanza nishuke nazo au nirukie huku mbele? Na huo uhuru ni wa kweli au mbwembwe, maana maaidoli (nyota wa K-pop) wengi jina linabandikwa tu kwenye kredit.

Dada Mkubwa: Usianze na ya kwanza mdogo wangu. Lose Control ya 2016 ni nyimbo sita tamu tu ila bado unamsikia mtoto wa SM, kampuni ya Korea iliyowatengeneza EXO, mle. Nenda Lit ya 2020, vaa hedifoni uisikilize ngoma yenyewe ya Lit, kuna guzheng, zile nyuzi za Kichina, na hulusi ambayo ni filimbi ya kibuyu, halafu chini yake trap, zile biti nzito za hip hop, inagonga kama kawaida. Hapo ndo utajua anataka nini.

Kijana wa Pwani: Napinga dada. Mtu hajazoea Kichina unamtupa huko? Aanze Namanana ya 2018, nyimbo 11 na kila moja ina toleo la Kichina na la Kiingereza, anaingia bila jasho.

Dada Mkubwa: Ya Kiingereza mbona imepoa, lakini haya.

Msikilizaji Sugu: Kwenye uhuru mkuu, huyu hakutoka kwa kishindo. Wenzake wa EXO, Kris na Luhan, 2014 waliipeleka SM mahakamani wakasepa, yeye 2015 akafungua studio yake China kwa makubaliano na SM wenyewe, akawa mguu mmoja Seoul mmoja nyumbani, 2020 akaanzisha kampuni yake Chromosome analea vijana wake, Aprili 2022 ndo akaagana na SM, na EXO hajajitoa mpaka leo.

Kijana wa Pwani: Sasa uhuru wa kuomba ruhusa nao ni uhuru? 😂

Msikilizaji Sugu: Cheka tu. Wenzake walitoka na kesi, yeye alitoka ana studio, ana kampuni na anajua kuprodyuzi. Mimi naona alicheza akili kubwa.

Mzee wa Biti: Nimerudi, Lit nimeirudia hadi jirani kagonga ukuta. Hicho kibuyu jamani!! Mimi natengeneza biti na siku zote naona ala za asili ukizichanganya na trap zinakuwa pambo tu, hapa zimebeba wimbo. Sasa nishuke Sheep ya 2017 au niende Producer ya 2021?

Dada Mkubwa: Wewe mtu wa biti, Producer. Sheep utaikuta tu.

Kijana wa Pwani: Namanana kwanza nimesema.