Tupeane uzoefu: umebadilisha simu, kipi kimekusumbua?

Mshonaji wa Kibokoni

Assalam aleikum, na hamjambo nyote.

Simu yangu ya zamani ilikuwa yajizima ikiwa bado na chaji asilimia 40, basi nikajikusanya nikachukua mpya. Ni simu nzuri, lazima niseme kweli. Mimi nashona mabuibui, na picha ninazowatumia wateja sasa zaonyesha mpaka njia ya uzi kwenye darizi. Lakini kuna gharama na usumbufu ambao dukani hawakwambii, na wengi wetu twaugundua tushafika nyumbani. Nataka tuyaweke hapa ili anayejipanga kununua ajue.

Kwangu ilianza na boksi. Ndani mna simu, waya, na kile kisindano cha kutolea laini. Kichwa cha chaja hamna. Apple walianza mtindo huu na iPhone 12 mwaka 2020, Samsung wakafuata na Galaxy S21 Januari 2021, na sasa ndiyo imekuwa ada. Hapa nyumbani vichwa vya chaja viko tele, vyote vya tundu lile pana, na waya niliopewa una ncha ndogo pande zote mbili. Nikanunua kichwa cha bei nafuu, simu ikawa yalala kwenye chaji usiku kucha. Chenye nguvu inayotakiwa bei yake ni nyengine kabisa.

Lililoniuma zaidi ni memori kadi. Miaka yote nimeweka picha za mitindo na vipimo vya wateja kwenye kadi. Simu ikiharibika nachomoa kadi, natia kwenye nyengine, kazi yaendelea. Hii mpya haina pahali pa kadi kabisa. Ina GB 128, na sehemu ya hizo imeshaliwa na mfumo wenyewe kabla hujapiga picha ya kwanza. Nimepata kisomea kadi kidogo cha kuchomeka pale pa chaji na picha nimezivuta zote, alhamdulillahi, ila bado naona tumedhulumiwa. Mwenye simu ya bei ya chini kadi anayo; mwenye ya bei ya juu kanyimwa, aambiwa alipie hifadhi ya mtandaoni kila mwezi.

Haya, nyinyi je? Nini kimekusumbua, na umekitatua vipi?

Kijana wa Tudor

Kwa upande wa waya mimi nashukuru, dada. Tangu iPhone 15 ya 2023 Apple nao wametia USB-C, ile ncha ndogo, waya mmoja nyumbani watutosha sote.

Kinachonimaliza ni bando. Simu mpya ukiiwasha tu yaanza kujiapdeti, yapandisha picha mtandaoni, yashusha programu zote za simu ya zamani, na wewe hujagusa kitu. Video nazo zimekuwa nzito mno. Kwenye mipangilio ya iPhone wameandika wenyewe kwamba dakika moja ya video ya 4K, ule ubora wa juu, kwa fremu 60 kwa sekunde ni takriban MB 400. Video ya mtoto akiogelea Mama Ngina, dakika tatu, ndiyo GB na zaidi. Teremsha ubora uwe 1080p, na kupandisha picha uruhusu kwa Wi-Fi tu.

Mtoto wa Mikindani

Mimi naleta ya mzee wangu. Alistaafu bandarini, na starehe yake yote ni redio. Kwa simu yake ya zamani alikuwa akichomeka hedifoni za waya, akae barazani asikize Pwani FM mpaka usingizi umchukue. Tukachanga, tukamnunulia simu ya maana. Siku ya kwanza kaniuliza, "Redio iko wapi humu?" Nikatafuta simu nzima. Haimo. Ule waya wa hedifoni ndio uliokuwa antena ya FM, na tundu lake limeondolewa; watengenezaji wengi wa simu za bei ya juu wameacha kabisa kuweka redio.

Nikamwekea programu ya kusikiza redio kwa intaneti. Yafanya kazi, lakini yala bando, na yachelewa nyuma ya matangazo yenyewe kwa sekunde kadhaa, mara nyengine nusu dakika na zaidi. Siku za kawaida hilo si neno. Ramadhani ndipo tulipoliona. Mzee hufturu kwa adhana ya redioni. Yuko na tende mkononi, jirani upande wa pili wa ukuta adhana ishamfikia na vikombe vyalia, na simu ya mzee bado iko kwenye matangazo ya kabla ya Magharibi. Alikasirika, na nilimuelewa. Mtu wa umri ule, ibada yake huwezi kuifanya ingoje intaneti.

Nimemtafutia redio ndogo ya betri, raha imemrudia. Simu amebaki nayo ya kuonana na mjukuu wake aliye Muscat. Kama una mzazi mpenda redio, kabla hujalipa muulize muuzaji akuonyeshe FM ikilia papo hapo dukani.

Abiria wa Feri

Mimi navaa ninja, kile kitambaa cha kufunika uso. Simu mpya niliyochukua ni iPhone, na hizi za sasa hazina tena alama ya kidole, zasoma uso. Nyumbani haina taabu. Nje ndiko kwenye kazi.

Jioni moja nimeshuka feri upande wa Likoni, mnajua umati wa saa zile. Nikasimama kwa muuza mihogo, kashanifungia, kanyosha mkono, na mimi sina pesa taslimu. Uso simu haiuoni. Basi niko pale nyuma nasukumwa, nabonyeza tarakimu sita za kufungua simu, kisha namba ya siri ya M-Pesa, yote hadharani, huku nimeikumbatia simu isije ikaporwa. Kuvua ninja pale siwezi, na wala sitaki. Simu yangu ya zamani ya bei ndogo ilikuwa na kidole pembeni. Nilikuwa naigusa ingali ndani ya mkoba, nikiitoa ishafunguka.

Sisemi simu ni mbaya. Nasema waliokaa wakaamua kidole kiondoke hawakutufikiria wanawake wa kwetu.

Bi wa Majengo

Pole mwanangu. Ingia kwenye mipangilio, pale pa Face ID, kuna kipengele cha kutumia uso ukiwa na barakoa. Kilikuja na toleo la mfumo wa iPhone, iOS 15.4, mwaka 2022, na chafanya kazi kuanzia iPhone 12. Husoma sehemu ya macho. Mimi pia ni wa ninja, na yanikubali mradi nyusi zaonekana. Nikishusha kitambaa cha kipaji hainijui.

Kidole nacho kina yake. Simu yangu ya pili ni Android ya kidole chini ya kioo. Siku za arusi, nikishapakwa hina na piko mpaka ncha za vidole, hainisomi tena mpaka rangi ififie. Sasa mpakaji namwambia aniachie gumba la kulia wazi.

Abiria wa Feri

Shukran sana bibi, nimekiwasha. Hapa nyumbani na ninja yaniingiza. Dukani hakuna aliyenitajia.

Mgeni wa Arusi, Kuze

Kwa kuwa Bi wa Majengo ametaja arusi: arusi za wanawake mlangoni hubandikwa stika kwenye kamera ya simu, watu wasipige picha. Simu yangu ya zamani stika moja tu. Hii mpya ina kamera tatu nyuma na moja mbele, na kava la mpira stika haishiki, yabanduka kwa jasho. Mara ya mwisho nimeiacha simu kwa wasimamizi mlangoni nikaingia bila. Wenye arusi wana haki ya kujilinda, kwa hivyo sikuona ubaya, ila mwenye mtoto nyumbani anayengoja simu ajipange mapema.

Mweka Hazina, Kisauni

Naomba hili lisomwe na kila anayeshika pesa za watu. Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama. Ushahidi wa nani ametoa na lini ni zile meseji za M-Pesa. Watu wadhani meseji zakaa kwenye laini. La, zakaa kwenye simu. Ukichomoa laini ukaitia kwenye simu mpya, salio la M-Pesa utalikuta, lakini meseji za nyuma zabaki kwenye simu ya zamani.

Kwa hivyo simu ya zamani usiiuze wala usimpe mtoto siku ileile. Wakati wa kuhamisha kutoka Android kwenda Android chagua na ujumbe mfupi pia, si picha na namba pekee. Na ukihitaji rekodi rasmi, taarifa ya M-Pesa waweza kuiomba kwa *334# ukaletewa kwa barua pepe. Mimi sasa kila mwisho wa mwezi naiomba na kuichapisha. Akina mama wakiuliza, karatasi iko mezani.

Na WhatsApp pia muwe macho. Nakala iliyohifadhiwa Google Drive haifunguki kwenye iPhone, huko kuna njia yake nyengine ya kuhamisha. Na siku hizi nakala hiyo yahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure za Google, pamoja na barua pepe na picha zako.

Boda wa Bamburi

Yangu ni ya mkopo, ya kulipa kila siku. Sitaitaja kampuni. Simu zenyewe ni nzuri kuliko ambayo ningeweza kununua kwa pesa za mkononi, na imenipatia wateja. Lakini ukikawia kulipa yajifunga. Skrini nzima yawa ni tangazo la deni. Ilinifunga nikiwa na mteja anayeningoja Nyali, pesa nimetuma na mtandao wao haujaziona. Nimepiga huduma kwa wateja kwa simu ya mwenzangu, mteja kashapanda tuktuk.

Tangu siku hiyo natembea na kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, mfukoni. Laini za sasa ni ndogo sana kwa kabambe, kwa hivyo nimenunua kile kifremu cha laini. Simu ikijifunga nahamisha laini, M-Pesa na wateja wanipata. Wanaotoa mikopo hii watupe japo saa chache za kusubiri malipo yaonekane. Hilo si kuomba msamaha wa deni.

Muuza Samaki, Kongowea

Mimi yangu kila mara yaniambia kuna unyevu penye chaji, yaonyesha alama ya tone la maji na yakataa chaji. Na boksi liliandikwa haiingii maji. Mikono yangu ina maji tangu alfajiri, nifanyeje?

Fundi wa Mwembe Tayari

Mama, hiyo IP68, alama ya simu isiyoingia maji, hupimwa kwa maji matamu. Maji ya bahari na maji ya barafu ya samaki yana chumvi, na chumvi hula chuma cha ndani. Ikionyesha hilo tone usilazimishe chaji. Igeuze tundu litazame chini, igonge taratibu kwenye kiganja, iweke penye upepo ingoje. Usiitie kwenye mchele. Hata Apple wamekataza, vumbi la mchele laweza kuingia ndani. Usipulizie kikausha nywele. Kama simu yako ina chaji isiyo na waya, itumie wakati huo. Kwenye meza ya samaki itie ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunga, skrini yaguswa vizuri tu.

Nyote mjue pia kwamba simu ikishafunguliwa kubadilishwa betri au kioo, ile gundi ya kuzuia maji si ile tena. Fundi mwenye gundi nzuri atajitahidi, ila usiipeleke ufuoni Shelly ukaogelea nayo. Na protekta nene za kioo ndizo zinazofanya kidole chini ya skrini kisisomeke. Ukishabandika mpya, futa kidole chako kwenye mipangilio ukisajili upya.

Tuktuk ya Nyali

Nilikuwa nasoma tu, lakini la joto sijaliona. Simu yangu ya zamani ilikaa kwenye kishikio cha kioo cha mbele miaka, na haikulalamika. Hii mpya, kaskazi ikipamba moto, mwezi wa pili na wa tatu, saa saba mchana kwenye foleni ya daraja la Nyali, mwangaza washuka wenyewe mpaka ramani siioni, na chaji yasimama. Siku moja imeandika kwamba imepata joto na yahitaji kupoa, na abiria yuko nyuma auliza mbona twazunguka.

Nimekuja kujua kwamba iPhone zimetengenezewa joto la nje lisilozidi nyuzi 35. Kivulini Mombasa kwa kawaida hatulivuki. Kwenye kioo cha tuktuk juani kwalivuka mbali, na hapo simu yachajiwa, mwangaza uko juu kabisa, ramani yafanya kazi na data imewashwa. Betri ikizoea joto hilo, uzima wake wapungua haraka.

Nilichofanya: kishikio nimekihamisha kutoka kwenye kioo hadi chini ya usukani, upande usiopata jua. Kava jeusi nene nimelivua. Saa sita mpaka saa tisa sichaji, nachaji asubuhi na baada ya Alasiri. Ramani naiacha iniongoze kwa sauti, skrini nimeizima. Msimu huu wa joto haijaniandikia tena.