Tumelipia darasa la mwanga wa dirisha, tukafundishwa dirisha la Ulaya!

Wakuu, salaam. Mods naomba msiunganishe uzi huu na ule wa kamera za mtumba, huu ni wa malalamiko na nimeudhika kwelikweli.

Kuna jamaa hapa Dar, jina siweki, anatangaza darasa la kupiga picha za uso kwa mwanga wa dirisha. Laki na nusu kwa kichwa, Jumamosi nzima. Tunafika ukumbini, mapazia mazito yamefungwa eti AC isipoteze baridi, na taa mbili kubwa za studio zimeshasimamishwa. Darasa la dirisha, na dirisha halikufunguliwa mpaka saa tisa!

Slaidi ya kwanza: "Tafuta dirisha linaloangalia kaskazini, halipigwi na jua." Jamani. Huo ni ushauri wa Ulaya, ambako jua la mchana liko kusini mwaka mzima, ndiyo maana wachoraji wao walipenda studio zenye dirisha la kaskazini. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua letu la adhuhuri liko kaskazini. Mkalishe mtu kwenye dirisha hilo Juni saa sita mchana, kama hakuna kibaraza cha kukinga, uone shavu moja linavyoungua na la pili linavyozama. Desemba ndiyo jua linahamia kusini, tena karibu na utosi. Kwa hiyo hapa dirisha la kutumia linategemea mwezi na saa: asubuhi tumia la magharibi, jioni la mashariki, na jua likiingia moja kwa moja tundika pazia jepesi jeupe. Nikamwambia. Jibu lake: "Ndugu, usiwe mjuaji."

Kilichonikera zaidi ni dada aliyekaa kupigwa picha. Mweusi, ngozi nzuri mno, kakalishwa amegusana na ukuta mweupe. Kamera haijui nani mweusi nani mweupe, inapima tu mwanga na kutaka wastani wa picha uwe kijivu. Ule ukuta ukaidanganya, picha ikatoka giza, macho ya dada wa watu hayaonekani. Dawa si siri: pima mwanga usoni, au ongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili, msogeze mbele aachane na ukuta, na upande wa kivuli simamisha manila nyeupe ya steshenari irudishe mwanga usoni. Mwalimu akasema, "Hiyo tutainua kwenye kompyuta." Akainua kweli mbele yetu, zikatoka chengachenga tupu! Dada akaangalia skrini, akacheka kwa aibu. Mimi nikaona aibu kwa niaba ya mwalimu.

Na madirisha yetu yenyewe hakuyagusa kabisa. Vile vioo vya aluminiamu vya bluu na kijani vinapaka uso rangi, ni lazima utelezeshe kioo pembeni. Wavu wa mbu unakula mwanga, na ukijaa vumbi ndiyo balaa. Chumba kilichopakwa kijani kinarudisha ukijani chini ya kidevu. Balbu ya njano ikibaki inawaka, unapata uso wa rangi mbili. Haya ndiyo tunayokutana nayo Tandale na Mbagala, si jumba lenye dirisha la futi kumi.

Nimeomba hata nusu ya hela, nimetolewa kwenye kundi la WhatsApp usiku huohuo. Sasa nauliza: kuna anayefundisha kwa kufungua dirisha kweli, nyumbani kwa mtu, mchana kweupe? Aje PM na picha zake za watu weusi, zisizochujwa. Wa slaidi asijisumbue.

Cheti walinipa, kimepigwa laminesheni. Anayekitaka nauli juu yake.