Anakariri maneno ya Kiingereza usiku, asubuhi hayapo. Nimsaidieje?

Mama Mdogo, Ngamiani
Habari zenu. Naishi na mtoto wa marehemu dada yangu hapa Tanga mjini. Yuko kidato cha pili, Novemba ana upimaji wa kitaifa. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili na alikuwa wa mbele. Kuingia sekondari masomo yamegeuka Kiingereza, na Baiolojia ndiyo inayomliza. Ana daftari lenye mstari katikati ya ukurasa, Kiingereza huku, Kiswahili kule. Kila usiku ananakili maneno arobaini, kila moja mara kumi, mpaka anasinzia mezani. Alfajiri nikipika vitumbua namuuliza, hakumbuki hata matano. Juzi kaniambia, "Mama mdogo, kichwa changu kibovu." Iliniuma sana. Mimi niliishia darasa la saba, Kiingereza sikijui. Nifanyeje?

Mwalimu wa Pongwe
Pole dada. Kichwa cha huyo mtoto ni kizima. Nimefundisha Baiolojia miaka ishirini na moja, na miaka ya mwanzo nami niliwaandikisha wanafunzi neno mara kumi. Najuta. Mkono unafanya kazi, akili imelala. Neno linakaa pale mtu anapolitafuta kichwani daftari likiwa limefungwa, tena baada ya siku moja, tena baada ya siku tatu.

Sisi watu wa pwani tuna vitendawili, vitumie. Mwambie achague maneno manane tu, aache hayo arobaini, na kila neno alitungie kitendawili kwa Kiswahili, jibu liwe la Kiingereza. Wanafunzi wangu walitunga hiki: "Napandisha maji kutoka mizizini mpaka majanini, wala sina pampu." Jibu: *xylem*. Huwezi kutunga kitendawili cha kitu usichokielewa, na hapo ndipo kazi yote ilipo. Anayeshindwa atoe mji, kama tulivyofanya kwa bibi zetu.

Halafu mwonyeshe kwamba mengine anayo tayari. Chupa ya chai hapo mezani mnaiita themosi. Asili yake ni Kigiriki, maana yake chenye joto. Basi *thermometer* isimtishe, ni kipima joto. Na *photosynthesis* ni mwanga na kuunganisha. Kiswahili chetu kimejengwa vilevile, usanisinuru: usanisi na nuru. Mtoto akiona neno refu lina viungo, ataanza kulipasua mwenyewe kama anavyopasua "wanasomeshana".

Binti wa Bagamoyo
Shikamoo mwalimu. Vitendawili nimevipenda, ila naomba niongeze. Mimi jibu nilikuwa nalijua kwa mdomo, kwenye karatasi nikakosea herufi, alama zikaenda. Lazima aandike pia, ila baada ya kukumbuka, siyo kwa kunakili.

Mimi nilikata kadi kwenye maboksi ya biskuti nikazipanga ndani ya boksi la viatu lenye vyumba vitatu. Chumba cha kwanza unakipitia kila siku, cha pili kila baada ya siku tatu, cha tatu mara moja kwa wiki. Ukipatia, kadi inasogea mbele. Ukikosea hata herufi moja, inarudi chumba cha kwanza. Mwandishi Sebastian Leitner ndiye aliyeueneza utaratibu huu mwaka 1972. Na mama mdogo, huhitaji kujua Kiingereza: jibu liko nyuma ya kadi, wewe unalinganisha herufi tu.

Mwalimu wa Pongwe
Marahaba binti. Umesema kweli, la kuandika nililiruka.

Mama Mdogo, Ngamiani
Mwalimu, binti, Mungu awalipe. Jana baada ya isha tumekaa barazani, boksi tumelipata kwa jirani. Akaniambia, "Kitendawili!" Nikasema, "Tega!" "Vyumba vyangu vidogo havihesabiki, mgeni wangu ni hewa." Nikataja mzinga, nikataja wavu wa dagaa, nikashindwa. Nikampa Pangani. Akasema amekwenda Pangani, amekula, amelala, kisha akanieleza mapafu kwa Kiswahili safi, jinsi hewa inavyoingia kwenye vifuko na damu kuichukua, mpaka nikaelewa mimi wa darasa la saba. Akageuza kadi, akaandika *alveoli* bila kufungua daftari. Tukalinganisha herufi kwa herufi, zote zilikuwepo.

Leo kanionya mapema nisimpe Pangani tena, anataka Lushoto.