Tupeane uzoefu: Tamthilia gani ilionyesha msiba bila kilio, ukashindwa kuinuka ulipokaa?

Nyange: Wakuu, jana naangalia tamthilia, mama kapigiwa simu kuambiwa mwanawe hayupo tena. Hakupiga yowe. Alishukuru kwa kujulishwa, akakata simu, akaanza kutafuta kifuniko cha kalamu. Mezani, chini ya kiti, kwenye droo. Kipindi kikaisha hivyo hivyo. Mimi siku ya baba nilitoa nguo zote kabatini nikazikunja upya, na zilikuwa zimeshakunjwa. Hebu tupeane uzoefu: nani aliwahi kuuona msiba wake kwa mwigizaji ambaye hakutoa hata chozi?

Kibatari: Kifuniko cha kalamu... Nimekaa hapa nasoma.

Fundi Sauti: Kazi yangu ni sauti, kwa hiyo naanza na masikio. Buffy the Vampire Slayer, kipindi kinachoitwa "The Body", Februari 2001. Tamthilia ya mazimwi na mapigano, halafu ghafla mama mtu anakufa kifo cha kawaida kabisa, mshipa wa kichwani, amelala kwenye kochi. Joss Whedon aliondoa muziki wote wa nyuma. Mnajua muziki unafanya nini? Unakuambia ulie sasa, nyamaza sasa. Ukiuondoa unabaki na binti anayepumua, saa za mchana, na nje watu wanaendelea na mambo yao. Buffy anamkandamiza mama yake kifua, mfupa unalia. Kisha kabla wahudumu hawajaingia anamvuta sketi chini imsitiri. Ile sketi ndiyo iliyonimaliza. Mama yangu alipokutwa, kitu cha kwanza nilichofanya ni kumfunga kifungo cha blauzi.

Mtoto wa Mwisho: Na Willow, rafiki yake Buffy, anayebadilisha mashati! Anavaa, anavua, hili halifai, lile halifai, analia kwa sababu ya shati. Watu waliniambia siku ya kumzika dada nilikuwa na kisirani cha viatu. Ndiyo, nilikuwa nacho.

Jicho Kavu: Naomba nitofautiane. Hizi za kukaa kimya na kutazama ukuta ni uvivu wa waigizaji, nyie mnazipamba. Mtu akifiwa analia. Mimi nililia hadharani mpaka sauti ikakauka, sioni aibu. Sasa mtu anatafuta kifuniko cha kalamu tunaambiwa ni sanaa?

Fundi Sauti: Hakuna aliyesema kulia ni kosa, mkuu. Tunazungumzia zile dakika za kabla, ambapo habari imeingia sikioni lakini bado haijafika kifuani.

Jicho Kavu: Kwangu ilifika papo hapo. Labda nyie njia yenu ndefu.

Mtoto wa Mwisho: Hahaha. Ila kweli kuna waigizaji wanaojificha nyuma ya ukimya. Uso wa mbao nao siku hizi unapewa tuzo.

Mzee wa Zamani: Wanangu, haya hayakuanza na nyie. M*A*S*H, Machi 1975. Ni kichekesho, cha hospitali ya jeshi vita vya Korea. Kanali Henry Blake kamaliza muda wake, kaagwa kwa vicheko, kapanda ndege kwenda kwao. Karani wake, Radar, anaingia chumba cha upasuaji na karatasi, anasoma kwamba ndege imetunguliwa juu ya Bahari ya Japani, hakuna aliyepona. Na madaktari hawaachi kushona! Watafanyaje, mgonjwa yuko wazi mezani. Waigizaji karibu wote walifichwa ukurasa wa mwisho wa mswada wenye habari hiyo, walipewa pale pale kabla ya kurekodi. Ilibidi warudie, na katika kurudia kuna aliyeangusha chombo, kikalia kwenye ule ukimya. Wakakiacha. Hicho chombo ndicho kilio chenyewe. Mimi niliambiwa habari za mdogo wangu niko kazini na zamu ilikuwa na masaa bado. Niliimaliza.

Jicho Kavu: Mzee shikamoo, lakini umetuharibia utamu, wengine hatujaiona.

Mzee wa Zamani: Marahaba. Ya 1975, mwanangu. Ulikuwa unamsubiri nani?

Zumaridi: Naomba niseme langu. Nilikuwa napiga pasi. Simu ikaingia, namba ngeni, mwanamume ana sauti ya upole sana, akataja jina la kaka yangu, majina yote mawili, akasema amepata ajali na hakufikishwa hospitali akiwa hai. Nikamuuliza, "Alikuwa amevaa nini?" Sijui swali hilo lilitoka wapi. Akasema hana taarifa hiyo. Nikasema haya, nashukuru, nikarudi kwenye pasi. Nikamaliza shati, nikachukua jingine. Mdogo wangu akapita, akauliza nani kapiga, nikajibu "watu wa kazini". Mdomo ulijibu wenyewe. Kichwani nilikuwa na jambo moja tu: kaka ana funguo za nyumba yangu, sasa nitazipataje? Nipo kwenye kola, simu ikalia tena, kwenye kioo jina lake. Kaka mwenyewe! Anauliza kama nimeiona chaja yake. Jamani nilimtukana. Nilimtukana matusi ambayo sikujua ninayajua, yeye anacheka akidhani natania, mpaka miguu ikaisha nguvu nikakaa sakafuni na pasi ikaunguza kitambaa. Walichanganya majina. Tangu siku hiyo nikiona kwenye tamthilia mtu kaambiwa kisha anakwenda kufunga dirisha, simwambii mtu kwamba anaigiza vibaya.

Mtoto wa Mwisho: Mungu wangu.

Nyange: Dada Zumaridi, pole. Sijui hata kama ni pole au hongera.

Jicho Kavu: Hii nayo tamthilia. Nani anatangaza kifo bila kuhakiki?

Mtoto wa Mwisho: Ungekuwa umefiwa kwa simu usingeuliza.

Kibatari: Subirini kwanza. Kwa hiyo aliyekufa ni nani?

Zumaridi: Mwenye jina kama lake. Nilimpigia yule bwana nikamwambia amekosea. Akanyamaza, akasema basi itabidi atafute namba nyingine.

Nyange: Mada yangu imeshatekwa lakini sidai.

Kibatari: Niulize la ukweli. Nimefiwa hivi karibuni. Hizi tamthilia niziangalie au niziache?

Mzee wa Zamani: Ziache kwa sasa, mwanangu. Zitakungoja.

Zumaridi: Angalia, tena peke yako, simu umeizima.

Mtoto wa Mwisho: Angalia na mtu anayeongea katikati ya filamu. Ukianza kumchukia umeshapona nusu.

Fundi Sauti: Ukiangalia, anza na Succession, msimu wa 4, kipindi cha 3, 2023. Baba kaanguka kwenye ndege, watoto wako majini kwenye harusi, simu inawekwa sikioni mwake na watatu kati yao wanaambiwa waseme neno. Hawajui kama anasikia. Kendall anamwambia baba yake hawezi kumsamehe, na kwamba anampenda, kwa pumzi moja. Walirekodi karibu nusu saa mfululizo bila kukata. Na baba mwenyewe huonyeshwi akiaga.

Kibatari: Hiyo ya simu sikioni nimeifanya mimi. Asanteni, naiacha kwanza.

Jicho Kavu: Basi mimi nimeiwasha sasa hivi. Mpaka hapa wote wanabishana tu, hakuna aliyelia.

Fundi Sauti: Umefika wapi?

Jicho Kavu: Simu ya kwanza ndiyo imeingia. Msiniambie.

Mzee wa Zamani: Tumeshakwambia.