Mnamshupalia Snowden, aliyelidanganya Bunge mnamwacha!

Wakuu, nimeudhika na leo nasema. Kila Citizenfour inapotajwa, ile filamu ya Edward Snowden aliyeanika siri za NSA, shirika la Marekani la kunasa mawasiliano, mjadala unaishia palepale: Snowden shujaa au msaliti? Kurasa na kurasa za matusi, "kibaraka wa Putin", "angebaki kwao kama mwanaume", basi. Filamu ilichukua Oscar mwaka 2015, watu wameitazama mpaka mwisho, na bado wanaongea kama hawakuona kitu.

Wengine kilichowakaa kichwani ni pale hotelini Hong Kong anapojifunika nguo gubigubi yeye na kompyuta yake ili nywila isionekane. Wanacheka! Huyo alifanya kazi hukohuko NSA. Anachomoa simu ya kando ya kitanda kwa sababu anajua inaweza kugeuzwa chombo cha kunasa sauti hata kama hujaipokea. Mtu anayejua hivyo anaogopa hivyo, nyie mnaona kichekesho.

Hilo la Urusi ndilo linanichefua zaidi. Alitoka Hong Kong tarehe 23 Juni 2013 akipitia Moscow kwenda Amerika ya Kusini. Marekani ilikuwa imeshafuta pasipoti yake. Akakwama uwanja wa ndege wa Sheremetyevo zaidi ya mwezi mzima. Waliomfungia njia ndio haohao wanaouliza anafanya nini Urusi, na nyie mnaitikia.

"Angejitetea mahakamani." Ajitetee kwa lipi? Mashtaka mawili kati ya yale matatu ya mwanzo yalifunguliwa chini ya Sheria ya Ujasusi ya mwaka 1917, na kwa sheria hiyo sababu iliyokufanya utoe siri haikusaidii kitu. Daniel Ellsberg, aliyetoa nyaraka za siri za Vita vya Vietnam mwaka 1971, alisimama kizimbani, wakili wake akamuuliza kwa nini alizinakili. Waendesha mashtaka wakapinga, jaji akakubaliana nao. Swali likafia hapo. Kesi ilifutwa baadaye kwa uchafu wa serikali yenyewe, siyo kwamba alisikilizwa.

Sasa niambieni habari za James Clapper, aliyekuwa mkuu wa idara zote za ujasusi za Marekani. Tarehe 12 Machi 2013, mbele ya kamati ya Seneti, Seneta Ron Wyden alimuuliza: je, NSA inakusanya taarifa za aina yoyote za mamilioni ya Wamarekani? Swali alishatumiwa siku moja kabla. Akajishika kipaji cha uso, akajibu hapana, akaongeza kwamba si kwa makusudi. Njia ya mwongo fupi: tarehe 5 Juni gazeti la Guardian likaanika amri ya mahakama ya siri iliyoitaka kampuni ya Verizon ikabidhi kumbukumbu za simu za wateja wake kila siku. Clapper akaandika barua ya kuomba radhi na kubaki ofisini mpaka Januari 2017. Hakushtakiwa. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikasema mpango ule wa kukusanya kumbukumbu za simu ulivunja sheria. Aliyeufichua bado yuko uhamishoni.

Na nyie mnaosema "hayo ya Wamarekani", mmesoma kweli? Mei 2014 tovuti ya habari ya The Intercept, kwa kutumia nyaraka hizohizo za Snowden, iliitaja Kenya miongoni mwa nchi ambazo NSA ilikuwa ikivuna kumbukumbu za simu za mkononi: nani kampigia nani, saa ngapi, wameongea muda gani. Bahamas walikuwa wanarekodiwa hadi sauti. Nusu yetu humu tuna shangazi, wateja au wachumba Nairobi na Mombasa. Hakuna aliyetuomba ruhusa, na bila huyo mnayemtukana tusingejua mpaka leo.

Anayetaka kuendelea kumwita msaliti aanze na Clapper: kwa nini hakufikishwa mahakamani hata siku moja? Naomba jibu la hilo tu, mambo ya Putin wekeni pembeni.