Wakuu, kuchora ramani kwenye OSM mtu mpya aanze na programu ipi? Hizi zote kwa pamoja zinawavuruga vijana

mwana_Igogo

Wakuu habari za jioni. Niko Mwanza, tuna kikundi cha vijana mtaani huku Igogo na tunataka kuchora njia za milimani kwenye OpenStreetMap (OSM), ile ramani ya dunia inayochorwa na watu wenyewe, maana mnaijua Igogo, Mabatini, Bugarika, Isamilo, nyumba zimepanda mpaka kwenye mawe juu kabisa, halafu ukifungua ramani unaona lami chini na mapaa juu, katikati hamna kitu. Mgonjwa akizidiwa kule juu anashushwa kwa kubebwa, na mwenye bajaji anayekuja kumpokea hajui kichochoro kipi kina ngazi na kipi kinaishia kwenye ukuta wa mtu. Vijana wenyewe njia wanazijua zote na kazi wanaipenda kweli, kwa hiyo ramani siyo shida.

Shida ni programu zenyewe jamani. Jumamosi nimewakusanya, mmoja ana laptopu kafungua tovuti ya OSM akaletewa iD, ya kuchorea humo humo kwenye kivinjari, mwingine kaja na JOSM, programu ya kuchorea ya kompyuta ambayo kaka yake alimwekea, wawili wana StreetComplete, ile ya kujibu maswali, kwenye Android, na kuna binti ana iPhone kaitafuta hiyo hiyo StreetComplete hajaiona. Asa mimi nimesimama mbele nasema bonyeza hapa, na hiyo hapa ipo kwa mtu mmoja tu, wenzake wanaangalia skrini nyingine kabisa yenye rangi nyingine na vitufe vingine. Mmoja anaulizwa maswali, mwingine anachora mistari, mwingine ana skrini nyeusi haina kitu chochote anasubiri ramani itokee yenyewe.

Na kilichoniuma zaidi ni yule wa JOSM. Kachora ngazi zote kutoka barabarani mpaka karibu na tanki la maji, kazi safi kabisa, kabonyeza kusevu, programu ikasevu bila kulalamika, kafunga kompyuta kaondoka na furaha. Leo kaja analia kazi yake haipo kwenye ramani, anasema mtu kaifuta. Nimemwangalia sina cha kumjibu.

Sasa swali langu, hivi kwa nini kitu kimoja kina milango mingi hivi, na kwa mtu anayeanza kabisa mnamshikisha ipi? Na kazi ya huyu kijana inaokoleka?

fundi_wa_mistari

Mkuu hongereni sana kwa hiyo kazi, hiyo milima inahitaji watu kama nyie.

Naanza na kijana kwanza maana yake ni ya haraka. Kazi yake ipo, haijafutwa na mtu. Kwenye JOSM kusevu ni kuweka faili kwenye kompyuta yako basi, kupeleka kwenye ramani ni kitufe kingine, kile chenye mshale wa kwenda juu. Aifungue kompyuta, atafute lile faili linaloishia na .osm, alifungue kwenye JOSM, kabla ya kuaplodi ashushe kwanza data mpya ya eneo lile lile ili kama kuna mtu mwingine kagusa sehemu hiyo aone, halafu ndo abonyeze mshale. Mwambie asiichore upya maana itatokea ngazi mbili juu ya ngazi moja.

Na usimlaumu kabisa, kwa sababu kwenye iD kusevu ndo kupeleka kwenyewe, inakufungulia sehemu ya kuandika umefanya nini halafu unaaplodi hapo hapo. StreetComplete wala haina habari ya kusevu, ukijibu swali inapeleka yenyewe. Vespucci, ile ya kuchorea kwenye simu ya Android, unachora, halafu unaenda kwenye menyu unaaplodi. Na mkija kuingia kwenye zile kazi za Tasking Manager, tovuti ya shirika la HOT inayogawa eneo vipande vipande kwa wachoraji, mtakuta hatua nyingine tena, umeshaaplodi na ramani imeshapokea lakini lazima urudi kwenye ule ukurasa wa kazi useme kipande hiki nimemaliza, usiporudi kinaonekana bado umekishikilia na mwenzako hawezi kukigusa. Yaani mtu mpya anayeambiwa tu "ukimaliza usevu" anapotea kila anapohama.

Milango ni mingi kwa sababu ya jinsi OSM ilivyozaliwa. Tangu Steve Coast aianzishe Uingereza mwaka 2004, kilicho cha wote pale ni data, siyo programu ya kuchorea. Njia ya kuingizia data iko wazi, anayejua kuandika programu anatengeneza yake. JOSM ina watu wake na imeandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Java, iD ilikuja 2013 na watu wengine wakitaka iwe rahisi kwa mgeni, kabla yake kwenye tovuti kulikuwa na Potlatch iliyotegemea Flash, programu ya nyongeza ya kivinjari, na Flash yenyewe ilifikia mwisho 2020. StreetComplete ikaja na wazo lingine kabisa, kwamba mtu asichore, ajibu maswali akiwa anatembea. Kila mmoja alitatua shida aliyokuwa anaiona mbele yake, hakuna aliyekaa akapanga vitufe vifanane. Mimi naona hiyo ni hasara kubwa kwa wageni, na sisi wazoefu huwa tunaisahau kwa sababu vidole vyetu vimeshazoea.

Mfano mdogo ambao kila mafunzo unajirudia. Kwenye iD ukitaka kusogeza ramani unaishika kwa kitufe cha kushoto cha mausi unavuta. Kwenye JOSM ramani inasogezwa kwa kitufe cha kulia, cha kushoto ni cha kuchagua vitu na kuvisogeza. Sasa aliyejifunza iD asubuhi akipewa JOSM mchana anadhani anavuta ramani kumbe kashika kona ya nyumba ya mtu anaipeleka barabarani, na asipogundua inaenda hivyo hivyo.

Ushauri wangu kwa kuchora njia ni iD peke yake, wote, hata kama laptopu ni moja wapokezane. JOSM mwekee pembeni huyo mmoja mpaka wengine wawe wamezoea.

dada_Nyegezi

Samahani fundi hapo kwenye laptopu sikubaliani na wewe. Vijana wa mtaani wana simu, laptopu moja watu wengi maana yake mmoja anachora wengine wanatazama na wiki ijayo hawaji.

Halafu ngazi za Igogo huzioni kwenye picha ya satelaiti hata ukivuta mpaka mwisho. Zimepita kati ya mapaa mawili yanayokaribia kugusana, nyingine zimepigwa na kivuli cha jiwe au mti. Utaona bati, jiwe, bati. Lazima mtu atembee. Kwa hiyo wenye Android wapewe Vespucci, ndo inayochora kila kitu kwenye simu, na yule binti wa iPhone kuna Go Map!! inafanya kazi ile ile. StreetComplete msiitupe ila ijue kazi yake, haichori njia mpya, inauliza kuhusu njia ambayo tayari ipo. Ndo maana wale wawili walikuwa wanaulizwa kuhusu barabara ya chini tu, huko juu hakuna cha kuuliza mpaka mtu achore. Mkishachora, siku inayofuata inaanza kuwauliza njia ni ya simenti au udongo, ngazi zinapanda kuelekea wapi, kuna pa kushikilia au hamna. Mbebaji wa mgonjwa anahitaji hayo majibu kuliko hata jina la mtaa.

Na jambo la akaunti waelezeni mapema, maana hapo ndo wengi wanakata tamaa na bando linaisha. Akaunti ya OSM ni moja, hiyo hiyo inafungua iD, JOSM, Vespucci, StreetComplete na Tasking Manager. Kila programu ikikurusha kwenye kivinjari na kukuuliza kama unairuhusu, hujafungua akaunti mpya, unaipa ruhusa tu. Isipokuwa wiki ya OSM, yaani tovuti yake ya maelezo, ile ina akaunti yake mbali. Nimeona watu wana akaunti tatu tatu na kazi zao zimetawanyika kote huko.

mvuvi_mstaafu

Niongezee upande wa watumiaji tu maana mimi sichori. Watu wanadhani ramani ni moja kwa hiyo ukiweka kitu leo kila mtu anakiona leo. Siyo hivyo wanangu. Tovuti ya OSM inabadilika ndani ya dakika, lakini programu za kuonyesha njia kama Organic Maps na OsmAnd zinatembea na faili ulilodaunlodi kwenye simu, linabaki lilivyo mpaka lenyewe lisasishwe. Mtu mwenye faili la kabla ya Juni 2025 akitoka Mwanza kwenda Sengerema simu bado inampeleka kwenye kivuko cha Kigongo wakati daraja lipo na magari yanapita. Basi anasema ramani ni ya uongo. Wachoraji waambieni watu wenu huko juu wasasishe, vinginevyo mtachora ngazi zote na mwenye bajaji asizione.

mwana_Igogo

Wabeja sana wote, na shikamoo mzee. Kijana nimempigia kakuta faili lipo, kaaplodi na zimeonekana, sasa hivi anawaonyesha watu wa kwao.

Dada nimekuelewa, fundi pia nimekuelewa. Nafikiri wa kutembea watumie Vespucci na yule binti Go Map!!, halafu tukirudi kijiweni laptopu iwe ya iD kwa ajili ya kukagua pamoja, JOSM ikae kwanza. Ila kuna kitu kimenishangaza, nimefungua ngazi hizo hizo kwenye iD naona zimepita juu ya paa la nyumba ya jirani, na kijana anaapa kwenye JOSM zilikuwa zimekaa sawa kabisa kati ya nyumba. Nizisogeze?

fundi_wa_mistari

Usizisogeze mkuu!! Hapo ni picha ya nyuma, ile ya satelaiti mnayochorea juu yake, ndo imetofautiana. Inawezekana kabisa yeye alichorea juu ya picha ya kampuni ya Esri na wewe iD imekuletea ya Bing, au kinyume chake, na picha za kampuni mbili hazikai sehemu moja, milimani ndo zinapishana zaidi kwa sababu satelaiti inapiga kwa pembe na mlima unasukuma kila kitu upande. Ukisogeza wewe, kesho yeye atarudisha, kesho kutwa mwingine atasogeza, na hakuna aliyekosea.

Fanyeni hivi. Mmoja apande hizo ngazi na simu inarekodi GPS, apande na kushuka zaidi ya mara moja, na asimame kidogo pale palipo wazi maana katikati ya mabati na mawe GPS inarukaruka. Mstari wa GPS uwekeni kwenye iD, mtaona picha ipi iko karibu nao. Hiyo ndo ya kikundi. Kama bado imepishana kidogo, kwenye mipangilio ya picha ya nyuma kuna sehemu ya kuisogeza picha yenyewe, sogezeni picha mpaka ifuate GPS, msiguse ngazi. Halafu andikeni jina la picha na kiasi mlichosogeza kwenye karatasi muibandike hapo kijiweni, kwa sababu kila programu ina mipangilio yake, ya iD haitahamia kwenye Vespucci, kila mtu atairekebisha kwa mkono kabla hajaanza kuchora.

dada_Nyegezi

Na kwenye Vespucci hiyo sehemu ya kusogeza picha haiko pale ilipo kwenye iD. Jumamosi nipo, nitapita Igogo tuzipange simu zote moja moja kabla hamjapanda, mje na chaji.