Kuwapasha vijana wa voliboli: kunyoosha, mazoezi ya mwendo au kuruka?

Kocha_wa_Jioni: Wakuu, nina kikosi cha umri wa miaka 13 hadi 16. Muda wa kupasha ni dakika 20 tu. Nimezoea njia ya zamani: kuzunguka uwanja mara tano, halafu duara, kila mmoja anavuta msuli na kuushikilia huku tukihesabu kwa sauti. Msaidizi wangu anataka tuhamie mazoezi ya mwendo, yaani kupandisha magoti, hatua ndefu za kuchuchumaa, kuzungusha mikono. Mwenzangu mwingine anasema tuwarushe tu, voliboli si kuruka? Ipi inawapa miguu myepesi seti ya kwanza?

Mpigaji_Namba4: Ya msaidizi wako, bila ubishi. Msuli ukivutwa na kushikiliwa zaidi ya dakika moja, nguvu ya kuruka hupungua kwa muda. Unaulegeza pale pale unapotaka ufyatuke.

Libero_Mstaafu: Ubishi upo, mkuu. Sekunde 15 au 20 hazina neno, hasa mwendo ukifuata. Ubaya wa lile duara ni kwamba watoto wanapoa wamesimama wakihesabu, na ile mizunguko mitano imekwenda bure. Kuvuta kwa muda mrefu kupeleke mwisho wa mazoezi.

Seta_wa_Kushoto: Mimi niko upande wa kuruka, ila kwa kipimo. Watu wazima waliozoea vyuma huchuchumaa na uzito, wakapumzika dakika kadhaa, kisha wakaruka juu kuliko kawaida. Mtoto wa miaka 13 hana msingi huo, atabaki na uchovu tu. Miruko sita hadi minane ya nguvu zote, akivuta pumzi katikati, inamtosha. Niliwahi kuwa na kocha aliyeturusha mara 50 kabla ya mechi. Tulipaa vizuri sana, kabla ya filimbi!

Goti_Zima: Mnabishana juu ya kupaa, hakuna aliyeuliza watoto wanatuaje. Maumivu ya kano iliyo chini ya pia ya goti ni ugonjwa wa wachezaji wetu, na kila mruko wa kupasha ni nafasi ya kufundisha kutua: miguu miwili, magoti yamekunjwa, yaelekee kwenye vidole, yasiingie ndani. Anayetua kwa kishindo arudi kwenye miruko midogo kwanza. Bega nalo lisisahauliwe. Wavute bendi ya mpira kwenda nje mara kumi na kitu, na smashi za mwanzo ziwe za nusu nguvu.

Kocha_wa_Jioni: Na mpira je? Vijana wangu wakiuona, hawasikii tena la mtu.

Libero_Mstaafu: Mpira uje mwisho, mwili ukiwa tayari. Kanuni za FIVB, shirikisho la voliboli la dunia, zinazipa timu dakika 6 wavuni kwa pamoja kama zilikuwa na uwanja wa kupashia kabla, na 10 kama hazikuwa nao. Dakika hizo ni za kupima pasi za kupandishia mpira na smashi, mguu wa baridi haupashwi kwa smashi. Ningegawa hivi: 5 za mbio nyepesi za mbele na pembeni, 6 za mwendo, 3 za miruko na kutua, zilizobaki mpira wawili wawili.

Mpigaji_Namba4: Hapo nakubali. Na wa benchi? Akikaa seti nzima, joto lote limekwisha.

Libero_Mstaafu: Wanaruhusiwa kupasha bila mpira kwenye eneo lao pembeni wakati mchezo unaendelea. Watumie.

Seta_wa_Kushoto: Kocha, usituamini sisi. Chukua chaki, wajipake vidoleni, waruke waguse ukuta baada ya kupasha. Siku moja duara, siku nyingine mwendo, watoto wale wale, saa ile ile.

Kocha_wa_Jioni: Ukuta upo, chaki nitaitafuta. Duara naliweka mwisho kwanza, maana kuna wawili wasiokubali kuondoka bila kuhesabu.